Mguu wa Kuku Juu ya Mlango wa Bhanu

Mountain View
8 Septemba 2025

Kwa bibi yangu Mwihaki,

Wewe ulipewa jina ya nyanya yako, kwa hivyo wewe ni bibi yangu na mimi ndio bwana yako. Wiki mbili sasa uko hosteli huko Ngara na sijaona hata mstari. Hiyo ni ndoa gani?

Usinipigie simu. Haya masikio niliyapea nyundo na tindo miaka hamsini, yamebaki ya kupamba kichwa. Ukipiga nasikia tu kama mtu anakaanga vitunguu. Andika barua, uiachie baba yako hapo kwa duka yake River Road, ataniletea jioni akirudi na misumari kwa mfuko kama kawaida.

Ati unasomea mijengo ya zamani. Baba yako ananiambia ni kuanzia watu wa mapango mpaka makanisa ya wazungu wa kale. Ungeniuliza mimi. Hiyo kozi ningekumalizia kwa wiki moja, chai ukipika wewe.

Shule sikukanyaga, sawa. Lakini nani mwingine unajua alijifunza kuandika kwa makaburi? Mimi kila herufi nilinunua na jasho. A nilipata kwa marehemu Abigael. Z nilipata kwa marehemu Moiz, halafu nikangoja miaka mbili ndio nipate Z ingine. Q sijawahi chonga mpaka leo. Watu wa Q hawafi.

Na uambie hao walimu wako kuna siku kwa kwari, huko tunachimba mawe, jiwe moja lilinisumbua asubuhi yote, nikaweka nyundo chini, nikaliangalia vibaya. Likapasuka katikati. Uliza watu waliokuwa hapo. Wote wamekufa, lakini uliza.

Bwana yako,
Wahome, fundi wa mawe


Ngara
14 Septemba 2025

Guka,

Wimwega, babu yangu, uko mzima? Pole kwa kunyamaza. Hii kozi si mchezo. Barua yako niliisomea wasichana wa room yetu na sasa wote wanataka kuolewa na wewe.

Wacha nikuambie vitu tumesoma. Watu wa zamani sana, hata kabla mtu hajapanda mbegu, waliingia ndani ya mapango wakaweka mkono kwa ukuta, wakapuliza rangi kuuzunguka. Wakitoa mkono, alama inabaki. Iko hadi leo. Na mingi ni mkono wa kushoto. Mwalimu anasema ni kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umeshika rangi. Halafu kuna makanisa ya Lalibela, huko Ethiopia. Hayo hayakujengwa, Guka. Walichimba mwamba kutoka juu wakienda chini, wakaacha kanisa ndani yake, jiwe moja tu.

Sasa sikia. Mwalimu amesema kila mtu atafute hapa Nairobi kitu kimoja kimetengenezwa kwa njia ya zamani, na aonyeshe nani alikitengeneza. Hataki hadithi, anataka tuangalie kitu chenyewe. Hiyo kazi tunapeana tarehe 17 Oktoba.

Mimi nimechagua tao ya mawe kwa mlango wa duka ya vitambaa ya Bwana Bhanu, hapa nyuma ya hosteli. Duka inabomolewa, wanajenga fleti. Lakini yeye anapenda hiyo tao sana, babake ndio aliijengesha mwaka wa 1974. Itashushwa jiwe kwa jiwe, isimamishwe tena kwa geti mpya, na chini yake kuchongwe jina ya fundi. Watachonga tarehe 20 Oktoba, kabla ya kuishusha. Shida ni kwamba hamjui. Anajua tu kontrakta alikuwa Gurdeep.

Guka, si wewe ulifanya kazi kwa Gurdeep? Si ni wewe? Nishawaambia darasani ni wewe.

Mwihaki


Mountain View
17 Septemba 2025

Kwa bibi yangu msomi,

Huyo mwalimu wako wa mapango amepotea. Ati mkono wa kulia ulikuwa umeshika rangi. Hao watu walikuwa wa mashoto kama mimi, basi. Kila kitu ya maana hii dunia imefanywa na mkono wa kushoto, halafu wa kulia ukaja kupiga picha. Mama yangu alinichapa huu mkono mpaka akachoka, na bado ndio unashika kijiko, ndio unashika nyundo, na ndio umeshika hii kalamu.

Hao wa Ethiopia nawapea heshima. Sisi ukikosea jiwe unatupa, unachukua lingine. Wao wakikosea, wamekosea mlima. Ningekuwa karibu ningewasaidia.

Tao nitakufunza mimi, achana na vitabu. Tao ni mawe ambayo yote yanataka kuanguka. La huku linataka kuanguka, la kule linataka kuanguka, yanakutana hapo juu yanazuiana. Ndio maana inasimama. Kwanza unaweka mbao ya mviringo chini, unapanga mawe pande zote mbili, mwisho unagonga lile la kufunga katikati. Halafu unatoa mbao, na wewe mwenyewe unasimama chini yake. Fundi akikataa kusimama chini ya tao yake, usimpe kazi hata ya choo.

Hiyo ya Bhanu iko na mawe kumi na moja. La nne kutoka kushoto liko na mshipa mwekundu. Hilo lilitaka kupasuka tangu siku ya kwanza, likachongwa polepole, kama mtu ananyoa kichwa ya mtoto amelala.

Lakini hiyo si yangu. Ilichongwa na Ogutu, tulikuwa naye kwa Gurdeep. Andika Ogutu. Alikufa, lakini mtoto wake Debra yuko hapa Kangemi, anafundisha nasari.

Wahome


Ngara
23 Septemba 2025

Guka,

Uko mgonjwa? Niambie ukweli, nimwambie baba akupeleke hospitali. Miaka yangu ishirini sijawahi kusikia ukisema kitu si yako. Mwaka jana ulisema hata ile mvua ya Aprili ni wewe uliiita.

Lakini ni kweli vile umesema. Bwana Bhanu alinipea ngazi nikapanda. Kila jiwe kwa hiyo tao liko na alama ndogo kwa ukingo, laini tatu zimetoka mahali pamoja, kama mguu wa kuku. Mwalimu alifurahi sana. Anasema hata mafundi wa yale makanisa makubwa ya Ulaya, miaka mia nane iliyopita, kila mmoja alikuwa na alama yake ya kuchonga kwa jiwe. Wengi hawajulikani majina, alama tu ndio imebaki. Nikauliza Debra kwa simu. Akasema ndio, mguu wa kuku ilikuwa ya babake.

Kwa hivyo ni Ogutu. Darasani wamenicheka kiasi, ati guka yangu alichonga hewa. Si mbaya.

Kitu kimoja tu. Mshipa mwekundu uko, jiwe la nne, lakini kutoka chini hauonekani. Mimi niliuona nikiwa juu ya ngazi, pua imegusa jiwe. Wewe ulijuaje?

Jumamosi mwalimu anakuja kuangalia na mimi.

Mwihaki


Mountain View
26 Septemba 2025

Mwihaki,

Acha kupanda ngazi za watu. Msichana amesoma na anapanda ngazi kama fundi wa rangi.

Mimi ni mzima. Leo nimekula ugali ya watu wawili na huyo wa pili hakuwa amealikwa.

Unauliza nilijuaje mshipa. Tulifanya kazi yadi moja, macho ninayo. Kila mtu alijua mawe ya mwenzake. Alama ilikuwa ni hiyo kazi yake: Gurdeep alikuwa anapita Jumamosi na ndevu zake na timazi, jiwe likiwa kombo anaangalia alama, linarudi kwa mwenyewe mbele ya watu wote. Hiyo aibu ilitufunza kuliko shule yako.

Ogutu alikuwa fundi kunishinda. Haya, nimesema. Usirudie kwa baba yako.

Umepata alama, umepata jina, kazi imeisha. Mwalimu anakuja kufanya nini tena? Mwambie akae kwake. Andika Ogutu, uende ule.

Wahome


Ngara
6 Oktoba 2025

Guka,

Nilikaa na hii barua siku tisa, sikujua nitaianza aje.

Mwalimu alikuja na tochi. Hakuangalia alama hata kidogo. Alilaza mwanga kwa ubavu wa jiwe, na Guka, jiwe lote likajaa mistari ya tindo, kama shamba imelimwa. Akasema alama ni kitu mtu anaweza kuandika, lakini mistari ni mwendo wake. Kwa ukuta wa duka, mawe yote mistari imelalia upande mmoja. Kwa tao, yote kumi na moja, imelalia upande ule mwingine. Akaniuliza, huyu Ogutu alikuwa wa mashoto?

Juzi Jumamosi nikaenda kwa Debra Kangemi. Alinipikia chai, akanionyesha picha ya babake. Nikamuuliza alikuwa anatumia mkono gani. Akasema wa kulia, hata baada ya kuumia alikuwa analazimisha ule wa kulia. Nikamuuliza kuumia gani. Akaweka kikombe chini. Halafu akaniuliza, "Mzee Wahome amekuambia nini?" Nikasema hujaniambia kitu. Akatikisa kichwa, akaniongezea chai.

Guka, mimi nimekuona ukimenya viazi. Nimekuona ukinitengenezea kiti nikiwa mtoto. Huo mwendo naujua.

Jina itachongwa tarehe 20, kwa jiwe, haifutwi. Bwana Bhanu ataweka ile nitamwambia. Usiponiambia, nitaandika nilichoona.

Mwihaki wako


Mountain View
9 Oktoba 2025

Mwihaki,

Baba yako ameniuliza kwa nini sikumaliza chakula. Nimemwambia meno. Hata meno sina, na ameamini.

Sawa. Keti chini. Hii si ile ya kusomea wasichana.

Mwaka wa sabini na nne Gurdeep alipata kazi ya kujengea babake Bhanu. Mlango wake ulitaka tao, na Gurdeep akasema tao itachongwa na Ogutu peke yake. Mimi nilikasirika wiki nzima. Nilijua mimi ni mzuri, na sikuwa nimejifunza kunyamaza. Halafu tukiwa kwari jiwe lilitoka kwa lori likamwangukia Ogutu mkono wa kulia. Vidole viwili vikawa kama viazi vimekanyagwa. Alifunga kitambaa, akasema si kitu. Mimi niliona ni kitu.

Fundi asiye na mkono anarudi kwao. Hakukuwa na maneno mengine siku hizo. Na mke wake alikuwa amezaa hapo mwezi uliopita, mtoto msichana, ndio huyo Debra.

Sasa sisi tulikuwa tunachongea nyuma ya mabati, mimi na yeye, kwa sababu wengine walisema naongea sana. Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anatuona. Mimi nikachukua mawe yake. Asubuhi nachonga yangu ya nyumba ingine, mchana nachonga tao, na Ogutu anakaa hapo akigonga jiwe bure na mkono wa kushoto, kelele tu, watu wasikie mafundi ni wawili. Wiki saba. Alikuwa anagonga vibaya mpaka nilikuwa nacheka nakosea. Kila jiwe likiisha naweka mguu wa kuku.

Alama nilibadilisha. Mkono sikufikiria kubadilisha. Nani angejua miaka hamsini baadaye bibi yangu mwenyewe atakuja na tochi?

Gurdeep alikuwa anaona timazi ikikosea unywele mmoja. Wewe unafikiri hakuona mistari imelala upande wa mashoto? Siku ile tulitoa mbao na tao ikasimama, alisimama chini yake muda mrefu na timazi mkononi, akaniangalia mimi, akamwambia Ogutu, kazi safi. Kesho yake akamfanya nyapara. Na Ogutu alikuwa nyapara mzuri, miaka thelathini, hakutukana mtu. Alisomesha watoto watano. Kila Krismasi aliwapeleka Ngara wakaone tao ya baba.

Nilimwambia hii nitakufa nayo. Alicheka. Akasema, "Wahome, wewe? Hiyo mdomo yako haina mlango." Nikamwambia utaona. Sasa ukitaka kujua kwa nini mimi najisifu na kila kitu, na mvua na mawe ya kupasuka, ni hiyo. Mtu akiziba maji hapa, yatatokea pale. Nilisema yote ndio nisiseme hiyo moja.

Miaka kumi na sita sasa Ogutu ako chini. Kaburi yake nilichonga mimi, na O nilichora mara tatu ndio ikae sawa.

Bibi yangu, nakuomba. Andika jina yake. Debra akikuja hapo Ngara akute ile kitu aliambiwa akiwa mtoto. Mimi sina haja na jina kwa geti ya fleti. Nilipenda tu kuichonga.

Wahome


Kangemi
9 Oktoba 2025

Kwa Mzee Wahome,

Habari ya siku nyingi. Mjukuu wako alikuja kwangu, msichana wa adabu, na swali lake limeninyima raha siku tano. Nimeona niandike kwa sababu najua simu haikusaidii. Nitampa baba ya Mwihaki kesho akipita stage ya matatu.

Mzee, mimi najua. Nimejua tangu mwaka wa 2009.

Baba alipokuwa karibu kwenda aliniita peke yangu. Akasema, "Ile tao si yangu. Ni ya Wahome, kutoka chini mpaka juu." Nikamuuliza kwa nini hatukuambiwa. Akasema alijaribu kusema mara mingi, lakini wewe kila mara ulikuwa unafika kabla ya yeye, unaambia watu Ogutu alichonga hii, Ogutu alichonga ile, mpaka akakosa pa kuingilia. Halafu akanikataza. Akasema, "Usimwambie unajua. Mtu wa mdomo kama huo amebeba hii siri kwa taabu kubwa. Ukimtua, utakuwa umemnyang'anya."

Kwa hivyo nimenyamaza. Ukija kwangu unaambia watoto vile uliangalia jiwe likapasuka, mimi nilikuwa nasimama kwa mlango wa jikoni nikingoja. Nasema, leo atasema. Miaka kumi na sita. Hata ulisema ulifundisha Gurdeep, Kalasinga mzima, kufunga kilemba, lakini tao hukuigusa.

Mwaka huo wa tao nilikuwa mtoto wa mwezi mmoja. Chakula mama alikuwa anakula ili aninyonyeshe kilitoka kwa mkono wako wa kushoto. Baba alitaka nijue hiyo, na sasa nataka wewe ujue kwamba najua.

Leo nimeenda kwa Bwana Bhanu. Nimemwambia yule kijana wa kuchonga na mashine asifanye hiyo kazi. Nimemwambia fundi mwenyewe yuko hai, anakaa Mountain View, na tarehe 20 atakuja kuchonga kile anataka. Bwana Bhanu amesema itabaki hivyo. Usipofika hapo nitaaibika, kwa hivyo kuja.

Mtoto wako,
Debra


Ngara
13 Oktoba 2025

Guka,

Baba alinipa barua yako. Nilisoma kwa duka, nimekaa juu ya mfuko ya simiti, wateja wakinizunguka.

Sijamwonyesha Debra, na siandiki jina yoyote. Kwa ile kazi ya mwalimu nimeacha pengo. Nimeandika mistari inasema nini, alama inasema nini, na kwamba haya mawili hayakubaliani, na kwamba aliye na haki ya kujaza ni mmoja.

Baba anasema umepata barua ingine kutoka Kangemi, umeisoma ukaiweka chini ya mto, na tangu Ijumaa hujajisifu hata mara moja. Ameogopa. Anataka kukuletea daktari.

Guka, sema kitu.

Mwihaki


Mountain View
21 Oktoba 2025

Bibi yangu,

Jana ulikuwa hapo uliona, lakini ulikuwa unalia sana na sijui uliona nini, kwa hivyo nakuandikia.

Tindo ya Bhanu ilikuwa butu. Mtu na pesa yake yote. Nilinoa mwenyewe kwa ukingo wa lami.

Debra alinishika kiwiko nikipanda ile kreti, hakuniachilia mpaka nikashuka. Nilimwambia ananiharibia mkono. Akasema, "Mzee, endelea tu." Mtoto wa Ogutu kabisa, anaweza kukaa karibu na kazi bila kuongea. Mimi nilikuwa nimepanga maneno. Siku nne nilikuwa nayapanga. Ilikuwa nianze na tao, niende kwa mapango, nimalizie na hao wa Lalibela. Nimengoja miaka hamsini na moja kujisifu na hiyo kitu, nimepewa ruhusa, watu wamesimama wananiangalia, Bhanu ameleta mpaka viti. Na sikuwa na neno.

Kwa hivyo niligonga tu.

Jina sikuweka. Nani atasoma jina kwa geti, watu wanaingia na shopping. Niliweka mguu wa kuku, vile alikuwa anauweka yeye, laini ya katikati ndefu kidogo. Halafu kando yake nikaweka yangu. Nilikuwa nimekaribia kuisahau, ni nusu duara na nukta ndani. Baba yako aliniuliza hiyo ni nini, hajawahi iona. Nikamwambia ni tao na mtu amesimama chini yake.

Mkono uliteleza pale mwisho. Yangu ikalalia yake, zimegusana. Yule kijana wa mashine, alikuwa amekuja kutazama tu, akaja mbio na karatasi ya msasa, ati atazitenganisha.

Nilimwambia aache hivyo hivyo.

Wahome